Dada Fundi Anajibu: Giaboksi Inaposingiziwa

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja. Gari la otomatiki limeanza vituko vya gia, na fundi wa kwanza aliyeulizwa amekwisha kutoa hukumu: giaboksi imekufa, tafuta nyingine. Kwa hiyo maswali ya AC na ya vioo vya umeme yatasubiri toleo lijalo. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Tanga, na hakuna kinachoniuma katika kazi hii kama kumwona mtu ameingia mkopo wa kununua giaboksi ya mtumba, imefungwa, halafu gari likaendelea kuruka gia vilevile kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye waya.

Tuelewane kwanza. Giaboksi za otomatiki za magari mengi tunayoendesha huku hazijiamulii. Kompyuta inasoma mwendo wa gari, mguu wako kwenye pedeli ya mafuta, joto, na mahali ulipoweka mkono wa gia. Kisha inapeleka umeme kwenye solenoidi zilizomo ndani ya giaboksi, nazo zinafungua na kufunga njia za mafuta, yale tunayoyaita haidroliki. Umeme ukiyumba, amri zinayumba, na giaboksi nzima kabisa inaonekana mbovu.

*Dada Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, niko Korogwe. Nina Toyota IST ya 2004. Mchana gari linakwenda vizuri. Usiku nikiwasha taa, na hasa mvua ikinyesha nikawasha waipa na feni ya AC, gia zinabadilika ovyo: linaingia ya tatu, linarudi ya pili, linashtuka kama limegongwa nyuma. Fundi wangu anasema niandae pesa ya giaboksi. Mafuta ya giaboksi nimeyaangalia, ni mekundu na safi. Nifanyeje?*

Marahaba, mwalimu. Hiyo pesa usiiandae bado, na nakushukuru kwa kuandika kwa makini, maana nusu ya jibu umelileta mwenyewe. Sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi hazijui kama ni usiku. Kinachojua ni umeme, kwa sababu usiku unaubebesha mzigo: taa, waipa, feni, redio. Giaboksi iliyochakaa ina dalili zake nyingine. Injini inapiga kelele na gari halivuti, mafuta yanakuwa meusi na yananuka kuungua, asubuhi ukiweka D unakaa unasubiri ndipo gari liondoke. Hujanitajia hata moja kati ya hizo.

Anza na betri, gari likiwa limelala usiku kucha na hakuna kilichowashwa. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi kwenye mita ya umeme. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na hapo ichaji kwanza, maana vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya. Washa injini: mita ipande mpaka kati ya 13.8 na 14.5. Sasa fanya kile ambacho mafundi wengi hawafanyi. Washa taa kubwa, waipa, feni ya AC namba ya mwisho, kisha uangalie tena. Mita ikiporomoka chini ya 13 na haipandi hata ukikanyaga mafuta kidogo, alternata, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, haimudu mzigo, au mkanda wake unateleza, au kuna mahali umeme unapotelea njiani.

Kipimo cha pili ni cha ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, na kwa magari ya mwambao huwa nakiweka mbele ya vyote. Weka waya mweusi wa mita kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, ile risasi, si kwenye kikamatio chake. Waya mwekundu uguse chuma kitupu cha giaboksi. Injini inaunguruma, mizigo yote imewashwa. Mita isome chini ya volti 0.1; ikifika 0.2 anza kutilia shaka. Ikizidi hapo umeshapata kazi ya kufanya. Rudia kati ya nguzo hiyohiyo na bodi ya gari.

Nikueleze nilichokiona kwenye IST kama yako iliyoletwa hapa ikiwa na kilio hichohicho. Mita ilisoma 0.9. Waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye giaboksi ulionekana mzima kwa macho, plastiki yake nyeusi inang'aa. Nilipoukunja karibu na jicho lake, plastiki ilibonyea kama mrija mtupu. Nikaichana kwa wembe. Shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki nzima zilikuwa chache sana, nyembamba, zimekauka. Mchana nyuzi hizo zilitosha. Usiku, mzigo ukiongezeka, umeme ulikosa njia ya kurudi betrini, ukatafuta vichochoro: kupitia kebo ya mkono wa gia, kupitia nyaya ndogo za ethi za kompyuta. Kompyuta inapima kila kitu kwa kulinganisha na ethi yake. Ethi ikipanda karibu volti nzima, ishara ya sensa inayocheza kati ya 0 na 5 inakuwa imepotoshwa, na kompyuta inaamini umekanyaga mafuta au umeachia wakati mguu wako haujasogea. Tuliweka waya mpya mnene, tukakwangua kutu chini ya boliti kwa msasa mpaka chuma cheupe, tukapaka grisi juu baada ya kukaza. Gari lilitoka hapa linabadilisha gia kwa ulaini, na giaboksi ilikuwa ileile.

Vipimo hivyo vikiwa sawa, mwalimu, nenda kwenye alternata. Alternata inazalisha umeme wa kwenda na kurudi, kisha daiodi zilizo ndani yake zinaunyoosha uwe wa upande mmoja. Daiodi moja ikifa, taa ya betri kwenye dashibodi inaweza isiwake kabisa na volti zikasoma vizuri, lakini umeme unakuwa na mawimbi. Mawimbi hayo yanaingia kwenye nyaya za sensa za mwendo, na kompyuta inayasoma kama mwendo. Hapo ndipo gari linabadilisha gia bila sababu. Weka mita kwenye volti za AC, yaani za umeme wa kwenda na kurudi, gusa nguzo mbili za betri, injini kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, taa zimewashwa. Ukiona zaidi ya 0.5, daiodi zinashukiwa. Angalizo moja: mita nyingi za bei rahisi hazifai kwa kipimo hiki. Ijaribu kwanza kwenye betri, injini imezimwa. Ikikuonyesha volti ishirini na kitu, na ukigeuza nyaya inaonyesha sifuri, hiyo mita haitofautishi umeme wa betri na mawimbi, azima nyingine.

Njia ya kuthibitisha ni hii: zima injini, chomoa soketi ndogo ya alternata, washa gari, uliendeshe kidogo mchana bila AC wala taa. Gia zikituliza akili, alternata ndiyo mkosaji. Usiende mbali, kwa kuwa unatumia betri peke yake. Na nakusihi, mtu asikuchomolee kikamatio cha betri huku injini inaunguruma eti anapima alternata. Volti zinaruka ghafla na kompyuta inaungua. Mtindo huo ulikuwa na nafasi yake kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta; kwenye IST ni kuharibu mali ya mtu.

Neno la mwisho kwako: baada ya kutoa betri na kuirudisha, gia zinaweza kuwa ngumu kidogo kwa kilomita za mwanzo, maana kwenye magari mengi kompyuta inakuwa imesahau ilichojifunza. Endesha kwa utaratibu, usiikanyage ghafla, itajifunza tena.

*Dada, salama? Nakuandikia kutoka Mombasa, upande wa Likoni. Gari yangu ni Subaru Forester ya 2006. Nilipeleka injini ioshwe kwa mashine ya presha kwa sababu ilikuwa imejaa matope. Kesho yake nikiwasha gari, taa ya AT OIL TEMP inapepesa mara nyingi halafu inazima, na gia zinaingia kwa kishindo. Wakati mwingine taa za rivasi haziwaki hata nikirudi nyuma. Jamaa wa gereji ameniambia mafuta ya gia yamechemka. Ni kweli?*

Salama, kaka, karibu. Hapana, mafuta hayajachemka. Kwenye Forester yako taa hiyo ina kazi mbili. Ikiwaka moja kwa moja ukiwa barabarani, mafuta yamepata joto kupita kiasi na unatakiwa usimame. Ikipepesa mara kumi na sita mara tu baada ya kuwasha gari, kompyuta ya giaboksi inakuambia ina hitilafu iliyoihifadhi na inaomba isomwe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma namba ya hitilafu kwa mashine inayoweza kuongea na giaboksi ya Subaru. Vile vidude vidogo vinavyosoma injini peke yake havitakuonyesha kitu, na mtu atakwambia gari halina shida.

Lakini taa zako za rivasi zimeshanielekeza. Ubavuni mwa giaboksi kuna swichi inayoiambia kompyuta mkono wa gia uko wapi: P, R, N, au D. Swichi hiyohiyo ndiyo inayowasha taa za rivasi, na ndiyo inayozuia stata isipige ukiwa kwenye D. Maji ya presha yakiingia kwenye soketi yake, kompyuta inapata majibu mawili kwa wakati mmoja, au haipati lolote, na inaamua kuongeza shinikizo la mafuta ili kuilinda giaboksi. Kile kishindo ndicho hicho. Jaribu hivi kwanza: ukiwa umekanyaga breki barabara, angalia kama stata inakataa kwenye P lakini inakubali kwenye N, na kama herufi kwenye dashibodi inapotea ukisogeza mkono wa gia polepole. Ukipata hayo, swichi au soketi yake imekamatika.

Toa betri, fungua soketi, ipulize kwa hewa kavu, nyunyiza dawa ya kusafishia soketi, iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Angalia mpira mwekundu au wa kijani unaozuia maji kama bado upo. Mara nyingi umeanguka zamani na hakuna aliyejali. Fungua pia soketi kubwa ya giaboksi iliyo juu, karibu na inapoungana na injini. Vipini vikiwa na ukungu wa kijani, usivikwangue kwa bisibisi. Tumia brashi laini. Huko kwenu kama huku kwetu, chumvi ya bahari haikupi muda: maji yaliyoingia wiki hii yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi inaendelea kula shaba hata jua likiwaka.

Na injini isioshwe tena kwa presha. Kitambaa chenye unyevu, brashi, na uvumilivu vinatosha.

*Dada Fundi, naishi Kigamboni. Noah yangu imegoma kutoka P. Nimekanyaga breki mpaka mguu umeuma, mkono wa gia haushuki. Nimeambiwa giaboksi imejifunga kwa ndani.*

Mwambie mtu asimame nyuma ya gari, ukanyage breki. Kama taa za breki haziwaki, umeshapata jibu. Mkono wa gia hauachiwi mpaka umeme wa swichi ya breki ufike. Tazama fyuzi iliyoandikwa STOP, kisha swichi iliyo juu ya pedeli ya breki. Fyuzi ikiungua tena baada ya kuibadilisha, angalia balbu za nyuma na soketi zake, hasa kama kuna mtu alikulazimishia balbu isiyo ya aina yake. Kwa dharura, karibu na mkono wa gia kuna kifuniko kidogo au kitufe kilichoandikwa SHIFT LOCK. Vuta breki ya mkono, bonyeza hapo, mkono utashuka. Lakini usilizoee hilo, kwa sababu gari lisilo na taa za breki litagongwa nyuma, na kompyuta pia inaitegemea swichi hiyo kujua lini iachie klachi ya toki konvata, ile inayoshikanisha injini na giaboksi, kabla gari halijasimama.

*Binti yangu, hujambo. Niko Lushoto, ni mstaafu. Nina Toyota Premio ya 2003. Nikishuka Mombo asubuhi haina neno. Nikirudi kupanda mlima jua likiwa kali, kabla sijafika Soni taa ya O/D OFF inaanza kupepesa na gari linabaki gia moja, halipandi wala kushuka. Nikipumzika saa moja linapona. Kijana mmoja amelipima kwa mashine akapata P0758, akaifuta, kesho yake ikarudi. Sasa anataka kubadilisha giaboksi.*

Shikamoo, mzee wangu. Sijambo, nashukuru. Kwanza, kufuta namba ya hitilafu si matibabu. Namba hiyo ilikuwa inakusaidia, na kijana amekuondolea ushahidi.

P0758 maana yake ni kwamba umeme wa solenoidi B hauko sawa. Ni suala la waya, soketi, au koili ya solenoidi. Ingekuwa P0756 ningekuwa na wasiwasi mwingine, kwamba umeme unapita lakini solenoidi imekwama na gia haibadiliki. Hiyo ingetupeleka kwenye uchafu na mafuta. Yako inazungumzia umeme waziwazi, na tena umeme unaokatika ukipata joto.

Kwenye Toyota za gia nne za umri huo, solenoidi za kubadilishia gia zina ukinzani wa omu 11 hadi 15 zikiwa baridi, kwenye nyuzi kama 20. Shaba ikipata joto ukinzani unaongezeka. Koili yenye omu 13 asubuhi itasoma kama 17 mafuta yakifika nyuzi 100, na hilo ni jambo la kawaida kabisa, mtu asikutishe nalo. Tunachotafuta ni koili inayosoma 13 asubuhi halafu ikipata moto haisomi kitu, imekatika. Uzi wa ndani ulioachana kidogo unagusana ukiwa baridi na kuachana ukitanuka.

Kwa hiyo kipimo cha gereji asubuhi hakina maana kwako. Gari linatakiwa lipimwe likiwa linaumwa. Mwambie fundi apande nawe. Asubuhi, kabla ya safari, apime solenoidi B kwenye soketi ya giaboksi na aandike. Apime tena waya huohuo kwenye soketi ya upande wa kompyuta, aandike. Mpande. Taa ikianza kupepesa, tafuteni mahali salama pa kuegesha, pana pa kutosha, si kwenye kona za barabara ile. Zimeni gari, afungue soketi haraka kabla halijapoa, akiangalia asijiunguze, na apime sehemu zilezile mbili. Kama kwenye giaboksi inasoma 17 lakini kwenye kompyuta haisomi, waya wa katikati umekatika ndani ya plastiki. Aufuate wote, hasa pale unapopita karibu na ekzosi na pale kibanio chake kilipokatika ukawa unasugua chuma. Kama haisomi hata kwenye giaboksi, ni solenoidi yenyewe au kipande cha waya kilicho ndani ya sampu, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi.

Na hata ikiwa hivyo, mzee, giaboksi haishuki. Kwenye Premio yako sampu inafunguliwa kwa chini, solenoidi inatolewa kwa boliti, nyingine inawekwa, gasketi na mafuta mapya yanaingia. Mafuta yawe ya kiwango cha T-IV, na hakikisha kwa kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kijiti cha kupimia. Usikubali galoni lisilo na jina. Ni kazi ya siku moja kwa mtu anayefanya kwa usafi.

Wakati huohuo, taa ikipepesa usilazimishe kupanda. Gari likijifunga kwenye gia moja linajilinda, na ukilisukuma mlimani mafuta yanapata moto mpaka klachi zinaungua kweli. Hapo ndipo kijana atakuwa amepata sababu ya kweli ya kubadilisha giaboksi.

*Dada Fundi, mimi niko Arusha, ninaendesha Mercedes C200 ya 2002. Ghafla barabarani inakuwa nzito kuondoka, inabaki kwenye gia ya pili. Nikizima na kuwasha inarudi sawa. Nimeambiwa Mercedes zikifika umri huo ndivyo zilivyo.*

Kaka, ukisikia fundi anasema "ndivyo zilivyo" ujue hajapima. Giaboksi yako ya gia tano ikipata ishara isiyoeleweka inakwenda kwenye gia ya pili ili ufike nyumbani, na kuzima na kuwasha kunaifuta hali hiyo mpaka hitilafu itokee tena.

Kabla ya chochote, mwambie fundi anyanyue gari aangalie soketi ya mviringo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Ndani yake kuna kipande cha plastiki chenye mipira miwili ya kuzuia mafuta. Mipira hiyo inakauka kwa umri, na mafuta ya giaboksi yanaingia kwenye soketi. Yakishaingia hapo hayaishii hapo: yanapanda taratibu ndani ya waya, katikati ya nyuzi za shaba, mpaka yanatokea kwenye soketi ya kompyuta ya giaboksi huko juu. Fungua soketi ya kompyuta, gusa vipini kwa karatasi nyeupe. Ikitoka doa jekundu au la kahawia lenye mafuta, umepata. Kipande hicho cha plastiki ni spea ndogo kati ya spea zote za Mercedes, lakini lazima soketi ya juu nayo isafishwe mpaka ikauke, na irudiwe baada ya majuma machache kwa kuwa mafuta yaliyobaki ndani ya waya yataendelea kupanda. Karatasi ikitoka kavu, soma namba za hitilafu, na uniandikie tena ukiwa nazo mkononi.

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi kijana, nipo Kahama, nimetoka chuo cha ufundi. Nina mita na taa ya kupimia. Mara nyingi napima waya kwa mita naukuta mzima, lakini gari bado linaruka gia. Nakosea wapi? Na mteja hataki kulipia kupima, anataka alipie spea tu.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu maswali yako yote mawili ni ya mtu atakayefika mbali.

Mita inapopima omu inapitisha mkondo mdogo mno. Waya wenye nyuzi ishirini, kumi na tisa zimekatika, bado utasoma mzima, kwa kuwa uzi mmoja unatosha kwa mkondo ule. Lakini solenoidi ya omu 13 inahitaji karibu ampea moja. Ule uzi mmoja unapata joto, volti zinashuka njiani, na solenoidi inapata nusu ya inachohitaji. Kwa hiyo waya upimwe ukiwa umebeba mzigo. Chomoa soketi pande zote mbili, ya kompyuta na ya giaboksi, usiache hata moja. Pitisha umeme wa betri kwenye waya huo kupitia fyuzi ndogo, na mwisho wake weka balbu ya breki ya wati 21, ambayo inavuta ampea 1.75 hivi. Ikiwaka kwa nguvu, uvute waya, uukunje, uutikise urefu wake wote huku ukiitazama balbu. Ikififia, umeshika mahali penyewe. Narudia kwa sababu ya kompyuta za wateja wako: usiwahi kuunganisha balbu hiyo kwenye waya ambao bado umechomekwa kwenye kompyuta.

Sensa ya mguu wa mafuta ipime kwa volti, polepole. Kwenye magari yenye kebo ya mafuta, inaanzia karibu 0.5 na inapanda mpaka karibu 4.5. Sogeza pedeli kidogo kidogo ukiangalia mita ya mshale kama unayo, maana ya namba inachelewa. Mshale ukiruka au ukidondoka katikati, sensa imechimbika pale mguu wa dereva unapokaa sikuzote, na hapo gari litapandisha na kushusha gia kwenye mwendo uleule.

Usitoboe waya kwa pini katikati ya plastiki. Pitisha pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, kando ya waya. Tundu moja la pini linaingiza maji, na baada ya mvua za msimu mmoja unakuwa umemtengenezea mwenzako hitilafu. Kwa hilohilo, gari likiletwa kwako na vituko vya gia, muulize mwenye gari nani alifunga alamu, traka, au redio, na lini. Fuata kazi ya huyo mtu. Nimekuta nyaya za sensa ya mwendo zimechunwa, zimezungushiwa waya wa traka, na kufunikwa kwa utepe mweusi uliokwisha kuachia gundi. Rudisha waya kama ulivyokuwa, unga kwa risasi, vika mpira unaosinyaa kwa joto.

Kuhusu malipo, simama imara. Fundi asiyelipwa kwa kupima anaishi kwa kuuza spea, na hapo ndipo giaboksi nzima zinapong'olewa. Kubaliana bei ya kupima kabla hujafungua boneti. Kisha mpe mteja karatasi yenye vipimo: volti za betri gari likiwa limelala, volti zenye mzigo, ethi ya giaboksi, mawimbi ya alternata, omu za kila solenoidi, na namba za hitilafu kabla ya kufutwa. Andika tarehe na kilomita. Akitaka kwenda kwa fundi mwingine, aende na karatasi yake. Ukimaliza kazi, pima tena mbele yake, uandike safu ya pili pembeni ya ile ya kwanza, na nakala ibaki gerejini kwako.